Jinsi nilivyoondoa mruko wa uongo kwenye grafu karibu na 1800
Nilikuwa nahesabu maneno katika vitabu vya Kiingereza vya miaka ya 1700 na 1800, kufuatilia mabadiliko ya jamii. Kila grafu iliruka ghafla karibu na 1800, hata kwa maneno yasiyohusiana. Nikalainisha mistari, nikaongeza vitabu, wapi!

Kilichosaidia ni kufungua picha za kurasa zenyewe. Hadi karibu na 1800, wachapaji walitumia s ndefu, ſ, ambayo kompyuta huisoma f: "society" ikawa "fociety". Programu yangu sasa hubadilisha f kuwa s pale tu neno linapokosekana kwenye kamusi, na kupatikana likibadilishwa. F ya mwisho wa neno usiiguse kabisa. S ndefu haikai hapo. "Fame" na "same", zote halali, niliziamua kwa maneno jirani. Mruko ukatoweka.