Nyasi za Mzee, Nyasi za Shangazi

Mfereji wa kwa dada yangu, mtaa wa Umoja, Nairobi, hukohoa kabla ya kutoa maji. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri niliusikia, nikiwa bado na uchovu wa ndege, na kabla sijakumbuka niko nchi gani dada alikuwa ameshagonga mlango: "Amka ukinge! Yakienda hayarudi mpaka Jumamosi." Nikasimama bafuni na bukta, nikakinga mtungi wa lita 20, halafu mwingine, halafu karai, halafu sufuria ya ugali. Maji ya mwanzo yalikuwa na rangi ya turungi, chai isiyo na maziwa. Hayo hatukuyamwaga, yaliwekwa kando ya choo.

Shangazi alikuwa amefika jana yake kutoka Gatanga na gunia la maparachichi. Alikuwa ameketi jikoni akituangalia tukihangaika, kitenge mabegani.

"Na huko kwenu Los Angeles maji hukatika?"

Nikamwambia hayakatiki, ila unapangiwa siku ya kumwagilia nyasi. Alicheka hadi akashika ukuta.

Lakini ni kweli. Namtunza mzee mmoja mtaa wa Van Nuys, ana miaka themanini na kitu. Mji ule una Idara ya Maji na Umeme, shirika moja la jiji linalohudumia watu karibu milioni 4, na bili huja kila baada ya miezi miwili ikiwa na maji, stima, maji taka na takataka, vyote pamoja. Ukame ulipobana, kuanzia Juni 2022, ilitangazwa kwamba nyumba zenye nambari witiri zitamwagilia Jumatatu na Ijumaa, zenye nambari shufwa Alhamisi na Jumapili. Vinyunyizio viwashwe dakika 8 tu, na isiwe kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Mzee wangu ni witiri. Jumatatu alikuwa akiketi dirishani na saa yake ya mkononi, akihesabu.

Baadaye mwaka huohuo idara ikapandisha malipo: ukikubali kung'oa nyasi zako na kupanda mimea inayovumilia kiangazi, unalipwa dola 5 kwa kila futi ya mraba. Zamani ilikuwa 3. Sharti uombe kwanza, upige picha nyasi zikiwa bado zipo, ndipo ung'oe. Na usijidanganye kwamba utaweka nyasi za plastiki, hizo hawalipi. Mbele ya nyumba ya mzee palikuwa na futi 900. Siku ya kupiga picha alivua viatu na soksi, akasimama katikati akiniegemea mkono, akasema alizipanda na marehemu mkewe. Picha tuliyotuma ina miguu yake.

"Dola elfu nne na mia tano," dada alishapiga hesabu. "Kwa kung'oa nyasi?"

Dada yangu hana haja ya kufundishwa kuhifadhi maji. Maji yake ya kusuuza nguo hupiga deki, yakishapiga deki huenda chooni. Nilipomweleza mambo ya mtambo wa Tillman, ambao uko karibu na tunapokaa, alikunja uso. Pale maji taka ya mji husafishwa, na mengine humwagilia bustani ya Kijapani ambako humpeleka mzee kuangalia ndege. Sasa wanajenga mtambo wa kuyasafisha zaidi, ili yazamishwe ardhini katika bonde la San Fernando, yapite mchangani, kisha yavutwe tena visimani yanywewe. Mpango wa namna hiyo ulijaribiwa miaka ya 2000 ukauawa na siasa, kwa vile wapinzani waliupa jina la kutoka chooni hadi mferejini.

"Mimi natoa maji kwa nguo napeleka chooni," dada akasema, "nyinyi mnatoa chooni mnapeleka kwa kikombe." Sikuwa na jibu la haraka.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu aliingilia kati na yake ya stima. Alisikia kwamba Los Angeles imeamua kuwa ifikapo 2035 umeme wake wote uwe usiochafua hewa. "Anko, si sisi tuko karibu kufika huko tayari?" Ni kweli, sehemu kubwa mno ya stima ya Kenya inatokana na mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Turkana. Watu wa Los Angeles walitegemea kwa miaka mingi makaa ya mawe yaliyochomwa Utah, mbali na macho yao. Nilitaka kumpongeza mpwa, ila tokeni za stima ziliisha hapohapo tukabaki gizani.

Tukiwa gizani ndipo nikawasimulia kuhusu ziwa.

Los Angeles haina maji yake ya kutosha. Mwaka 1913 ilifungua mfereji mkubwa wa kilomita kama 375, sawa na kutoka Nairobi kufika Kisumu na kupitiliza, unaoteremka wenyewe bila pampu kutoka Bonde la Owens. Jiji lilikuwa limenunua mashamba ya kule pamoja na maji yake. Wakulima walipochoka, 1924 na 1927 waliulipua mfereji kwa baruti. Haikusaidia. Kufikia 1926 Ziwa Owens, la bonde hilohilo, lilikuwa limekauka.

Nilipita kule na Mkenya mwenzangu, kwa gari, karibu na mji wa Lone Pine. Ni weupe mtupu, kama unga wa ngano uliomwagika. Upepo ulipovuma tukapandisha vioo, na bado meno yalisaga chumvi. Kwa miaka mingi vumbi hilo lilikuwa baya kuliko lolote Marekani, hadi jiji likalazimishwa kulituliza. Limetumia zaidi ya dola bilioni 2 kumwaga changarawe, kulowesha ardhi kwa maji yaleyale, na, msicheke, kupanda nyasi. Idara inayomlipa mzee wangu ang'oe nyasi ndiyo inayopanda nyasi zinazostahimili chumvi kwenye ziwa ililolikausha.

Shangazi hakucheka. Bwawa la Ndakaini, ambako hutoka sehemu kubwa ya maji ya Nairobi, liko Gatanga. Wakati linajengwa, kabla halijakamilika mwaka 1994, yeye alikuwa msichana. Baadaye likachimbwa handaki la kuleta maji ya mito ya Murang'a bwawani, na makelele ya wenyeji kuhusu maji yao kwenda mjini yalisikika mpaka bungeni.

"Kumbe sisi ni hao wa ziwa," akasema.

Nikamwambia sivyo kabisa, bwawa halijakauka. Akaninyamazisha kwa mkono. Akaeleza kwamba kwake ana matuta na ukingo wa nyasi za nepia, ili mvua isishushe udongo mtoni. Tangu 2015 kuna mfuko wa maji wa Tana ya Juu unaowasaidia wakulima wa huko kufanya hivyo, udongo usijaze bwawa na maji yafike Nairobi safi. Nepia anakatia ng'ombe, kwa hiyo halalamiki sana. Mimi naona hapo tumewatangulia: wao walimkumbuka mtu wa juu mtoni baada ya ziwa kufa.

Stima iliporudi, shangazi aliuendea ule mtungi wa rangi ya turungi, akachota kidogo kiganjani, akausugua udongo kwa kidole gumba.

"Huu si wa kwangu," akasema. "Wa kwangu ni mwekundu zaidi."

Kisha akaniagiza nikirudi nimuulize mzee: yeye amelipwa kwa kung'oa, je, aliyepanda alipwe dola ngapi kwa futi?