Maji Yamesafiri, Hayajahama

Juzi binti yangu alinitumia picha ya kiwanja anachotaka kununua, akauliza, "Mama, unaonaje?" Kiwanja chote kilikuwa kimekauka kwa kiangazi, isipokuwa ukanda mmoja wa nyasi mbichi uliokatiza katikati, na macho yangu yakaganda hapo hapo, kwa kuwa ukanda kama huo Baba Mkubwa alipata kunionesha mwezi wa Septemba 2010, ukingoni mwa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam.

Nilikuwa nimekwisha kutoa arubuni ya kiwanja hapo na hati ya mauziano ilikuwa tayari. Baba Mkubwa nilimpeleka kwa heshima tu, isije ikasemwa kwamba nimenunua ardhi bila mkubwa wa ukoo kuiona. Hakutazama mipaka wala hakuuliza bei. Aliinama kwa taabu, akachota mchanga, akaupekecha kwa kidole gumba kiganjani, akanionesha kwamba ulikuwa mweupe na wa chengachenga, mchanga wa mtoni. Kisha akanyoosha bakora kwenye ule ukanda mbichi wa matete, ambako mfuko wa nailoni uliochakaa ulikuwa umenasa usawa wa kifua changu. Mwisho akausogelea ukuta wa jirani, akapitisha kiganja juu ya mstari wa tope uliofifia, taratibu, mpaka mwisho wa ukuta.

"Mwanangu, hapa ni njia ya maji," alisema. "Maji yamesafiri, hayajahama."

Dalali alicheka, akaapa kwamba ameishi hapo miaka 8 bila kuona mafuriko. Baba Mkubwa alikuwa mtu wa Rufiji, aliyekulia kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo katika mashamba ya mpunga, ambako watu walipanda na kuvuna kwa kufuata mto unavyojaa na kupungua. Hayo niliyajua, lakini moyoni nilisema kwamba elimu ya Rufiji haifiki mjini. Nikalipa, nikajenga msingi, nikapanga matofali.

Tarehe 20 Desemba 2011 mvua ilianza, ile ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mfano wake haujaonekana Dar es Salaam tangu mwaka 1954. Siku iliyofuata nilisimama kwenye mwinuko nikatafuta matofali yangu, nisione hata mahali yalipokuwa. Nilikwenda kwa Baba Mkubwa nikilia. Hakunikumbusha neno lake hata moja. Aliuliza tu, "Wale watoto wa jirani mwenye ukuta, wametoka?" Nami sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimewafikiria.

Hata hivyo, sithubutu kumwambia binti yangu kwamba kila linalotoka kinywani mwa mzee lifuatwe. Baba Mkubwa huyo huyo ndiye aliyenikataza kufungua duka la vitambaa, na duka hilo ndilo lililomsomesha binti huyu. Kuhusu biashara alikisia, kuhusu maji alijua. Lakini sauti yake ilikuwa ile ile mara zote mbili, na mpaka leo sijui ningewezaje kuzitofautisha.

Sasa mimi ndiye ninayeulizwa. Nimemjibu asitoe arubuni kwanza, Jumamosi twende wote, na kabla ya kukanyaga kiwanja tupige hodi kwenye nyumba iliyo kongwe kuliko zote pale jirani, tuwaulize wenyewe maji huishia wapi.