Jinsi ninavyomlisha Kijivu, paka wangu mwenye lukemia

Kijivu alikuwa na umri wa kama miaka 2 alipoanza kukosa hamu ya chakula. Hakugoma mara moja. Alikuwa akisogelea sahani, ananusa, analamba mara mbili tatu, kisha anakwenda kujilaza chini ya kitanda, mahali ambapo hakuwa na mazoea ya kulala. Nikadhani amekichoka chakula kile kile, nikambadilishia. Siku ya tatu nilipomnyanyua nilihisi mifupa ya mgongo viganjani, na nilipomfunua mdomo nikaona ufizi umepauka kabisa.

Daktari wa mifugo alimtoa damu kidogo, akaiweka kwenye kipimo cha haraka. Haikuchukua muda, akaniambia Kijivu ana virusi vya lukemia ya paka. Akaniomba nisikate shauri siku ile, kwa kuwa kipimo kile hutafuta protini ya virusi kwenye damu, na wapo paka ambao miili yao huvidhibiti virusi baada ya wiki kadhaa. Tulirudia baada ya miezi 2, na sampuli nyingine ikapelekwa maabara. Vilikuwa bado vipo. Nililia pale pale, na sioni haya kusema.

Jina lenyewe lilinitisha, maana lukemia ni saratani ya damu, nikaamini ana saratani. Kumbe virusi hivi vilipata jina hilo kwa sababu watafiti wa Glasgow, Uskoti, walioviona kwa mara ya kwanza mwaka 1964 walivikuta kwa paka wenye saratani. Saratani huwapata baadhi yao kweli, lakini wengi husumbuliwa na kushuka kwa kinga ya mwili na upungufu wa damu, maana uboho ndani ya mifupa hushindwa kutengeneza damu ya kutosha. Kijivu shida yake ni damu. Dawa ya kuviondoa virusi hakuna. Paka wengi ambao virusi vimekita kwenye damu yao huishi miaka michache tu baada ya kugundulika, na wengine hudumu zaidi. Daktari alinieleza hayo bila kunificha, kisha akaniuliza, "Anakula nini nyumbani?" Swali hilo ndilo lililobadilisha siku zangu zote zilizofuata.

Nilikuwa nikimpa vipande vya nyama mbichi kila nilipokuwa nikikata nyama, kwa kuwa alivipenda mno. Hilo lilikoma siku ile ile. Nyama mbichi na mayai mabichi yana bakteria na vimelea ambavyo paka mzima anaweza kuvistahimili, lakini aliyeishiwa kinga vinaweza kumuua. La pili liliniuma zaidi: nilikuwa nikimmwagia mchuzi wetu juu ya chakula chake, mchuzi wenye vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za paka. Kumbe paka aliyepungukiwa damu nilikuwa nikimpunguzia zaidi kwa mkono wangu, tena kwa mapenzi.

Sasa hula chakula kamili cha paka, cha kopo, chenye virutubisho vyote pamoja na taurini, ambayo paka hawezi kuikosa bila kuumia moyo na macho. Kukipata chakula kizuri kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kumfanya akile. Paka huongozwa na pua, na chakula kilichotoka kwenye friji hakina harufu. Nakitia kwenye bakuli dogo, bakuli nalitumbukiza kwenye maji ya moto, nakoroga mpaka kifikie joto la mwili wake, kama nyuzi 38, kisha najaribu kwa kidole nisimwunguze. Nampa kwenye sahani bapa, ili sharubu zisiguse kingo. Nampa kidogo kidogo, mara 5 kwa siku, na kinachobaki nakiondoa baada ya nusu saa.

Kuna kosa nililolifanya mwezi wa kwanza ambalo natamani mwingine asilirudie. Alipokataa kula nilimlisha kwa nguvu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikimshika shingo. Alitokwa na mate, akatapika, na tangu hapo akiona tu ile rangi ya kopo anakimbia. Daktari alisema alikuwa na kichefuchefu, na mimi nikamfundisha kwamba chakula ndicho kinachomwumiza. Alimpa dawa ya kuzuia kutapika na nyingine ya kuamsha hamu ya kula. Mimi nikabadilisha chakula na nikahamisha mahali pa kulia. Zilipita wiki 2 kabla hajakaribia sahani kwa hiari yake. Lakini pia sikuruhusiwa kungoja tu, maana paka asipokula siku chache, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: ikipita siku nzima hajala, nampigia daktari simu.

Kuna mtu wa karibu, kwa nia njema kabisa, aliniambia nimsagie kidonge cha parasetamoli alipopata homa. Nashukuru niliuliza kwanza. Parasetamoli ni sumu kwa paka, na kidonge kimoja chaweza kumuua.

Nina paka wa pili, Pili, na hapo uamuzi ulikuwa mgumu. Virusi huambukizwa hasa kwa mate, paka wanapolambana, wanapokula sahani moja, au wanapoumana. Na hawa wawili walikuwa wakilala wamekumbatiana. Pili alipimwa mara mbili, akaonekana hana, akachanjwa. Ila chanjo haitoi kinga kamili, hivyo niliwatenganisha, kila mmoja na chumba chake, vyombo vyake na sanduku lake la mchanga. Usiku wa kwanza Pili alilia mlangoni mpaka alfajiri. Wapo wanaowaacha pamoja baada ya chanjo, na siwalaumu. Mimi sikuweza. Kilichonipa nafuu ni kujua kwamba virusi hivi havidumu nje ya mwili na sabuni ya kawaida inaviua, na kwamba sisi binadamu havitupati. Basi nanawa mikono na kuendelea na shughuli zangu.

Kijivu hatoki nje tena, kwa usalama wake na wa paka wengine. Amehasiwa. Nampa dawa ya viroboto kwa ratiba, kwa kuwa viroboto hunyonya damu na yeye hana ya kugawa. Kila miezi 6 hupimwa damu na kukaguliwa mdomo. Mwezi wa tisa wa kuugua kwake ufizi wake ulivimba hadi akawa anasogelea chakula na kurudi nyuma kwa maumivu. Aling'olewa meno 4, nami nikamsagia chakula chake mpaka kikawa laini kama uji kwa karibu mwezi mzima.

Kila Jumapili asubuhi nampima uzito. Mwanzo nilikuwa nikisimama naye kwenye mizani ya watu wazima kisha natoa uzito wangu, lakini mizani ile haikuonyesha mabadiliko madogo, na kwa paka gramu 200 ni jambo kubwa. Nilitafuta mizani ya watoto wachanga. Naandika daftarini uzito, alichokula, na rangi ya ufizi. Daftari hilo ndilo lililonionyesha mara mbili kwamba anapungua kabla macho yangu hayajaona, na mara zote mbili tuliwahi.

Alianza na kilo 3.1. Alipanda hadi 3.9, akashuka alipoumwa mdomo, akapanda tena. Sasa ni miezi 22. Jumapili iliyopita alikuwa na kilo 3.7, ufizi waridi hafifu, na alimaliza sahani ya asubuhi nikiwa bado naandika.