Raundi 60 kwa lenzi iliyochoka

Kabla hata ya kuchomeka waya, Mangi aliinua mashine akaisimamisha juu ya viberiti vinne, kimoja kila kona. Halafu akaigeuza feni ya mezani ielekee ubavu wa kushoto wa mashine, sisi tukabaki na jasho letu. Jumamosi ile ya mwaka 2002, kwenye kibanda chake cha gemu pale Majengo, Moshi, mwenye haki ya upepo alikuwa mmoja tu.

Ilikuwa PlayStation ya kijivu, SCPH-1002, toleo la mwanzo lililouzwa Ulaya. Ugonjwa wa matoleo yale unajulikana. Kigari kinachobeba lenzi kinateleza kwenye reli ya plastiki, na kinapumzika karibu na sehemu inayogeuza umeme wa ukutani. Joto la umeme linailegeza plastiki, reli inaliwa kidogo kidogo, mwisho lenzi inakaa upande. Ikikaa upande, inaona CD vizuri katikati na kuipoteza inapoelekea ukingoni. Matoleo ya baadaye lenzi ilihamishwa mbali na joto hilo, lakini kibandani hapakuwa na toleo la baadaye.

Na CD yetu ilikuwa ya kuchoma, yaani nakala iliyoandikwa kwa kompyuta. CD ya kiwandani inarudisha mwanga vizuri. Ya kuchoma inarudisha mwanga hafifu zaidi, kwa hiyo lenzi changa inasoma zote mbili bila neno, ila iliyozeeka inaanza kukataa ya kuchoma kwanza. Mangi alishaongeza nguvu ya lenzi mara moja, kwa kuzungusha kile kiskrubu kidogo pembeni yake kwa bisibisi ya saa. Ukizungusha upana wa unywele, inafufuka. Ukizidisha, inasoma kwa furaha wiki mbili kisha inaungua moja kwa moja. Yeye alikuwa ameshatumia unywele wake.

Gemu yenyewe ilikuwa Gran Turismo ya kwanza, ile iliyotoka Japani Desemba 1997 na kufika Ulaya na Marekani Mei 1998. Kazi ya siku hiyo ilikuwa mbio moja: kilomita 300 za Grand Valley, mojawapo ya njia za mbio za gemu, raundi 60. Ukiendesha vizuri ni kama saa mbili, na katikati huwezi kusevu, yaani kuhifadhi ulipofika. Unaweza kubonyeza Start mashine ikasimama, lakini umeme ukikatika kwenye raundi ya 59, umekatika na raundi zako 59.

Kufika hapo tu kulikuwa kumechukua wiki. Gemu inakupa krediti 10,000 na gereji tupu. Kwa hela hiyo unanunua gari lililotumika, na hapo ndipo kibanda kizima kilipoipenda. Zilikuwa Toyota Chaser, Corolla Levin, Subaru Impreza, magari ya Kijapani ya usukani wa kulia, ndugu wa yale yaliyokuwa yakipita nje barabarani na vumbi lake. Mashindano makubwa hayafunguki mpaka upate leseni. Leseni ni tatu, B, A na ya Kimataifa A, kila moja ina majaribio 8. La kwanza ni kuondoka na kusimama ndani ya eneo lililochorwa, basi. Watoto walilicheka, halafu wakapitiliza mstari mara 20. Kosa lao ni kusubiri waone mstari ndipo wakamate breki, wakati gari lenye kasi lilitakiwa kuanza kusimama muda mrefu kabla.

Tulipanga Toyota Supra. Injini ilikuwa imeongezwa turbo ya daraja la juu, uzito umepunguzwa, na giaboksi ni ile ya mashindano inayoruhusu kupanga kila gia. Hapo watu wengi huharibu. Wanarefusha gia ya mwisho ili namba ya kasi ipande, halafu gari linafika mwisho wa njia iliyonyooka bado linajikokota. Kipimo chetu kilikuwa rahisi: injini ifike kikomo cha mizunguko pale pale unapotaka kukamata breki ya kona ya kwanza. Ikifika mapema, refusha. Isipofika, fupisha.

Matairi yalitugombanisha zaidi. Yapo magumu, ya kati, laini na laini kabisa, na unachagua ya mbele na ya nyuma mbalimbali. Kwenye mbio fupi kila mtu anafunga laini kabisa na kusahau. Kwenye zile ndefu matairi yanaliwa, na alama yake kwenye kioo inabadilika rangi kuelekea wekundu. Tulijaribu laini kabisa raundi chache siku ya Ijumaa. Gari lilishika kama kupe, kisha likaanza kuogelea. Supra inasukumwa na matairi ya nyuma, ndiyo yanayokufa kwanza. Tukafunga magumu nyuma, ya kati mbele, tukajikubalisha kwamba tutakuwa wazito kwenye kona lakini tutaingia gereji ya pembeni ya njia kubadili matairi mara chache. Kila kuingia gereji ni sekunde unazozilipa, hata kama kompyuta ndiyo inayoshika usukani humo ndani.

Madereva watatu. Tulikubaliana kupokezana kila raundi 10, pedi ikipita mkononi mashine ikiwa imesimamishwa kwenye njia iliyonyooka, kamwe si kwenye kona. Pedi ilikuwa ile ya zamani isiyo na vijiti, vishale tu. Ndani yake kuna raba yenye kidoa cheusi kinachogusa sakiti. Kidoa kikichakaa, kitufe cha X unakikandamiza mpaka kucha inageuka nyeupe na gari haliendi. Dawa yake Mangi aliijua: fungua skrubu za nyuma, safisha sakiti kwa pamba na spiriti, kisha gundisha kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara juu ya kidoa. Kikubwa ni kipande kisizidi kidoa. Kikizidi, kinagusa njia mbili na gari linakanyaga mafuta lenyewe.

Raundi 20 za kwanza hazina la kusimulia. Tuliongoza.

Miaka baadaye niliposoma jinsi wahakiki walivyoipokea gemu hii, nilikumbuka raundi zile za katikati. Jarida la Edge la Uingereza liliipa 10 kati ya 10, alama ambayo jarida hilo lina uchoyo nayo. Metacritic, inayokusanya alama za wahakiki, inaionyesha kwenye 96. Nakala zilizouzwa zilipita milioni 10, na hakuna gemu ya PlayStation ile ya kwanza iliyoizidi. Sifa zilikwenda kwa uzito wa magari: jinsi Supra inavyolala ukiachia mafuta kwenye kona, jinsi gari la kuvutwa mbele linavyogoma kukunja ukilazimisha. Kazunori Yamauchi, aliyeongoza utengenezaji wa gemu, na wenzake walifanya kazi hiyo kwa takribani miaka mitano, na inaonekana. Gemu nyingine za magari za wakati ule zilikuwa sabuni kwenye sinia.

Malalamiko nayo yalikuwa mawili makubwa, na yote ni ya kweli. Gari haliharibiki hata uligonge ukutani kwa kasi ya ndege. Na wapinzani wanafuata mstari wao kama treni, hawakuoni. Wahakiki waliyataja kama dosari. Sisi raundi ya 31 tuliyatumia kama vipuri. Mwenzetu aliingia kwenye kona kali kwa kasi ya kijinga, akalenga ubavu wa ndani wa gari la mpinzani, akaligonga, likamsimamisha, akatoka kona akiwa mbele. Kibanda kilishangilia. Mtu anayesifu uhalisia wa gemu ile aione kwanza kona hiyo ikipitwa kwa kumfanya mwenzio breki. Kwa maoni yangu malalamiko ya wapinzani yalistahili uzito kuliko yalivyopewa. Kutoharibika unazoea, lakini kushindana na treni kwa saa mbili kunachosha.

Raundi ya 43 taa ya kibanda ikafifia. Stebilaiza ikalia tak, tak, ikapandisha. Picha kwenye TV ya chogo ikajikunja pembeni, ikarudi. Aliyeshika pedi alibonyeza Start kwa woga, jambo lisilosaidia kitu, maana mashine iliyosimamishwa inazimika sawa na inayokimbia. Tulikaa kimya dakika nzima tukiitazama stebilaiza. Mangi akazima friji ya soda, akazima na taa. Tukaendelea gizani, uso wa kila mtu ukiwa na rangi ya lami ya Grand Valley.

Baada ya raundi ya 50 muziki ukaanza kukwama. Gitaa linaimba, linanyamaza, linarudia neno. Wageni kibandani walidhani mambo yamekwisha, lakini magari yaliendelea kama kawaida. Njia na magari vilishapakiwa kwenye kumbukumbu ya mashine kabla ya mbio kuanza, na kilichokuwa kinadaiwa kwenye CD ni muziki. Kwa hiyo kukwama kwa muziki hakukuwa hatari ya wakati ule. Kulikuwa taarifa ya baadaye: mbio zikiisha mashine itarudi kwenye CD kutafuta ukurasa wa matokeo, na lenzi iliyoshindwa na gitaa itashindwa na huo pia.

Mangi alilijua hilo kabla yetu. Raundi ya 57 alisema, "Mkimaliza, asiguse mtu kitu. Hata mezani msiegemee."

Tulimaliza wa kwanza. Kioo kikawa cheusi. Ndani ya mashine ikasikika tik-tik-tik, kigari cha lenzi kikienda na kurudi kikipapasa. Wasiojua hufungua kifuniko wakati huo wapangilie CD upya, na wengi wameua mbio zao hivyo. Mangi alishika mashine kwa mikono miwili, akainyanyua kutoka kwenye viberiti, akaigeuza taratibu sana, kama anayegeuza chapati asiimwage, mpaka ikawa imelala kichwa chini. CD haidondoki, kwa sababu katikati pana vishikizi vidogo vinavyoikamata. Kilichobadilika ni kwamba uzito wa lenzi sasa unaegemea upande wa reli ambao haujaliwa.

Tik. Tik. Halafu sauti nyembamba ya CD ikizunguka sawasawa, na matokeo yakatokea.

Aliishika hivyo hivyo, kichwa chini, mpaka tukapokea zawadi, tukarudi ukurasa wa nyumbani na kusevu kwenye memori kadi. Wakati wa kusevu hakuruhusu hata mtu kukohoa, ingawa kadi haina habari na lenzi. Kisha akazima, akachomoa waya, akaweka kiganja juu ya ubavu wa kushoto na kukitoa haraka.

Ukabaki mgogoro wa hela. Bei ilikuwa shilingi 200 kwa nusu saa. Saa ya gemu ilisema saa mbili na dakika chache, na sisi tulikuwa tayari kulipa 800. Saa ya ukutani ilisema saa mbili na dakika 40, ukihesabu kupokezana pedi, kimya cha stebilaiza na lile giza.

"Mangi, wakati umesimama gari lilikuwa haliendi," mmoja wetu akamwambia.

"CD ilikuwa inazunguka?"

Tukalipa 1,000 na kumwachia salio la deni la dakika 10, ambalo aliliandika kwa chaki nyuma ya mlango.