Nilivyopata umri wa duka la zamani karibu na stesheni ya Dodoma

Hati ya duka lile inaanzia miaka ya 1970. Ukuta ni wa zamani zaidi, na nilihitaji kujua kwa nini.

Nilifanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, nikaomba kumbukumbu zote za kiwanja badala ya ukurasa wa mwisho tu. Sheria ya 1963 ilifuta umiliki wa kudumu ikaugeuza kuwa upangaji wa serikali. Ya 1969 ikaugeuza tena kuwa haki ya kumiliki tunayoijua leo. Tarehe ya hati mpya ni ya karatasi, si ya jengo. Ukiona jina la mmiliki limekatika mwaka 1971, usidhani aliuza: mwaka huo serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Kazi zake zilihamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, kwa hiyo faili ulitafute huko.

Kisha ukuta. Nilibandua lipu sentimita 10 kwa 10 juu ya dari. Usianzie barazani, huko kila mpangaji hukarabati, patakudanganya. Kwangua kiungio, yaani mchanganyiko uliojazwa kati ya mawe au tofali, kwa msumari: chokaa hutoa unga mweupe na msumari huzama, saruji huacha mstari wa kijivu tu. Kuta za mbele zilikuwa mawe na chokaa, unene sentimita 45. Juu ya mlango kuna mhimili wa chuma wa mita 4, mzigo usiobebeka kichwani mwa wapagazi, na reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Kwa hiyo sehemu hiyo sikuikadiria kuwa ya kabla ya mwaka huo.

Stoo ya nyuma ni tofali za saruji, sentimita 15. Tofali peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa hiyo nilichunguza kona. Kuta zilizojengwa pamoja hufumana kwa meno. Hizi zimeegemeana tu, na ufa wima umeshuka katikati. Stoo iliongezwa baadaye.

Mwenye duka alitaka ufa uzibwe kwa saruji. Nilimsihi atumie chokaa 1 kwa mchanga 3: saruji hufungia unyevu ndani ya mawe, chumvi ikasukuma lipu nje, na kiungio kile kinachoeleza yote kikapotea.