Siku moja maishani mwangu: ng'oa na ngoa

Saa 11 alfajiri, kabla majirani wa Nkuhungu, hapa Dodoma, hawajaanza kufagia nyua zao, huwa nimekwisha kuketi na kifaa changu cha kusomea vitabu, ambacho pia huandikika kwa kalamu yake. Ninaandika hadithi ya mzee wa Hombolo anayekataa kung'oa mizabibu aliyoivuna mara 2 kila mwaka tangu ujana wake. Neno nisilolipenda silifuti. Nalikata kwa mstari mmoja, kwa kuwa nililolikataa alfajiri ndilo ninalolitafuta usiku.

Saa 1 asubuhi nimo kwenye daladala ya Mtumba, upande wa jua. Simu za wenzangu zimegeuka vioo vya kujitazamia, lakini ukurasa wangu unasomeka vizuri zaidi kadiri mwanga unavyokuwa mkali, kwa sababu wino wa kielektroniki ni chembechembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa na umeme, na zikishajipanga hutulia hapo bila kula chaji. Barabarani sithubutu kuandika. Kila tuta lingenichorea mlima.

Masjala hunimeza hadi saa 7 mchana.

Baada ya wali na mlenda, nakiamuru kifaa kigeuze mwandiko wangu kuwa chapa. Hapo ndipo uhodari wake unapoishia. Nimekiweka katika Kiingereza, basi "z" yangu huiita "2", na mzee wangu sasa anapogoa "mi2abibu". Hilo nalisahihisha bila kinyongo. Lakini pale anapomwambia jirani yake, "Ng'oa ya kwako," akimaanisha mizabibu, ritifaa, ile alama ya juu katika ng', imepotea, na mzee anasema, "Ngoa ya kwako." Nilicheka peke yangu hadi mama lishe akauliza kama chakula kina tatizo. Ngoa ni wivu, nami kwa wiki 3 nilikuwa nikitafuta sababu ya jirani huyo kushindwa kulala hadi mizabibu ya mwenzake iondoke.

Saa 10 jioni narudi mjini nimesimama, kifaa kimo mkobani.

Saa 3 usiku umeme umekatika, nami ninaandika kwa taa ndogo iliyo ndani ya kifaa chenyewe. Narudi kwenye ukurasa wa alfajiri, nakata ritifaa kwa mstari mmoja, na pembeni naandika: jirani anasikia neno ambalo mzee hakulisema, anainama kuokota mundu, na hajibu.