Vitz iliyovuta kushoto: tairi moja tu

Wiki tatu gari langu lilikuwa likivuta kushoto. Nilipima upepo, nikafanya alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) mara mbili, nikabadilisha hata tairodi, kile chuma kinachounganisha usukani na gurudumu (pesa ya bure). Wapi!

Jana nikiliosha ndipo nikasoma maandishi ubavuni mwa tairi za mbele. Kushoto: 175/65R14. Kulia, ile ya mtumba niliyofunga baada ya pancha: 175/70R14. Rimu moja, upana mmoja, lakini hiyo 70 (kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana) huongeza kipenyo karibu milimita 17. Kwa macho huoni. Tairi ndogo ndiyo huvutia gari upande wake.

Nikapiga jeki, nikaitoa ya kulia, nikafunga spea, ambayo ni 65 na kashata zake (michoro inayogusa barabara) zinafanana na za kushoto. Upepo sawa pande zote. Leo nimeachia usukani kidogo barabara ikiwa tupu: limenyooka.